Simu Chini ya Kawa

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mafuta ya achari.

Yalikuwa kwenye kioo cha simu yangu, alama moja ya kidole gumba, manjano. Mimi sili achari. Nina vidonda vya tumbo tangu nilipokuwa kwetu Kiwengwa, na mwenye vidonda vya tumbo hagusi achari ya embe mpaka awe amechoka kuishi.

Nikaishika simu. Ilikuwa ya moto kama mkate wa mofa uliotoka tanurini.

Nami sikuwa nimeigusa tangu alfajiri.

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, hali yangu ni hii. Mimi ni Mashavu, mtumishi wa Bi Dilshad, mke wa Bwana Shabbir mwenye duka la vitambaa. Nyumba yao iko Mkunazini, ghorofa tatu, na ngazi zake nazijua moja moja kwa kuwa mimi ndiye ninayezipiga deki.

Kila Alhamisi baada ya alasiri, kina mama hukusanyika ghorofa ya pili kwa darsa ya Bi Hija. Miezi miwili nyuma Bi Hija alisema simu zimetula sisi na watoto wetu. Akaamuru kila mmoja aende kwa Nadir, fundi simu wa Darajani, awekewe programu ya kuhesabu muda anaokaa kwenye simu. Programu hiyo pia huifunga simu kwa namba ya siri, mtu akipita kiasi alichojiwekea.

Basi kila Alhamisi simu zote huwekwa kwenye sinia na kufunikwa kawa la ukili, lile lile la kufunikia wali. Darsa ikimalizika kawa linafunuliwa, na kila mtu anasomewa masaa yake mbele ya wenzake.

Bi Dilshad hakutaka kushindwa. Akanipa simu yake nimtilie mimi namba ya siri, ili yeye mwenyewe asiijue, na akaniapisha.

"Hata nikikulilia, Mashavu, usinipe. Sema wallahi."

Nikasema wallahi. Siku ya pili akanililia. Sikumpa.

Siku ya tatu akaninunulia simu. Mtaa mzima ukamsifu kwa ukarimu wake.

La mwisho la kujua: Bi Hija ni shangazi yake Wakil, kijana anayetembeza wageni katika msitu wa Jozani. Mama yake Wakil alishafariki, Bi Hija ndiye aliyemlea, na yeye ndiye atakayesema posa ije kwetu au isije. Msichana wa kwanza Bi Hija alimkataa kwa kosa moja tu, aligundulika akizungumza na Wakil kwa simu kabla ya nikaha. Mimi nataka posa hiyo ije. Basi mnajua yote.

Turudi kwenye achari.

Nilikuwa bado nimeishika simu nilipoisikia sauti kutoka juu.

"Mashavu!"

"Naam, Bi."

"Simu yako iko wapi? Niletee kidogo."

Nikapanda. Bi Dilshad alikuwa amejilaza kitandani, bakuli la achari tumboni, mito mitatu mgongoni. Simu yake mwenyewe ilikuwa juu ya kabati, imelala kifudifudi kama mtoto aliyetiwa adabu.

"Bi, ile simu si..."

"Si nini?"

"Si kitu, Bi."

Nikampa. Ndivyo nilivyo. Maneno ninayo, tele, lakini nikitazamwa usoni yanarudi ndani yote na kufunga mlango.

Nikasimama pale nikamwona anavyoifungua. Alijua pa kubonyeza. Alijua alipoishia. Tamthilia ya Kituruki, sehemu ya mia na kumi na tatu.

Nikafahamu. Simu haikununuliwa kwa ajili yangu. Mimi nilinunuliwa kwa ajili ya simu, ili iwe na mwenyewe.

Alhamisi ikafika.

Bi Hija akalifunua kawa, akavaa miwani, akaanza kusoma.

"Bi Mize. Masaa manne na dakika kumi."

"Mawili ni mwanangu wa Oman," Bi Mize akasema, "hunipigia kila siku."

"Hapa pameandikwa ulikuwa unatazama mapishi."

"Hunipigia akiwa anapika."

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Bi Mize haoni haya hata kidogo. Huwa namwonea wivu.

"Dilshad. Dakika thelathini na nane."

"Mashaallah!"

Bi Dilshad akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu anayejua anatazamwa. "Ni nia tu, ndugu zangu. Nafsi ukiikanya, inakanyika. Mimi sasa nasoma, nafikiri, naiangalia nyumba yangu."

Mimi nilikuwa napita na sahani ya kachori. Nyumba yake mara ya mwisho aliiangalia mwezi wa Rajabu.

"Na wewe, mwanangu," Bi Hija akaniambia ghafla, "unayo simu?"

"Naam."

"Ilete nayo tuione."

Bi Dilshad akapaliwa na kachori. "Arre, Bi Hija! Huyo mtoto ana simu ya kumpigia mama yake tu. Hata hiyo programu hana."

"Anayo," Bi Mize akasema. "Nadir huitia katika kila simu anayoiuza siku hizi. Anajivunia kama kaizaa yeye."

Hilo Bi Dilshad hakulijua. Nilimwona uso wake ukilijua.

Nikaifungua simu kutoka pindo la kanga, nikampa Bi Hija kwa mikono miwili. Akabonyeza. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Masaa kumi na moja na dakika ishirini. Kwa siku."

Nje kwenye uchochoro nikamsikia muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake.

"Kumi na moja!" Bi Mize akasema. "Mimi hata usingizi silali masaa hayo."

"Kupika anapika wakati gani?" mwengine akauliza.

"Anapika huku anatazama. Ndiyo maana leo kachori zina chumvi."

Nikamtazama Bi Dilshad. Nilidhani atasema. Wallahi nilidhani atasema hata neno moja, hata nusu.

Akaitazama chai yake. Akashusha pumzi.

"Nimesema naye mpaka nimechoka," akasema. "Unamfanyia mtu wema, malipo yake ndiyo haya."

Bi Hija hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alinivuta karibu, akaishika kanga yangu begani kama anayepima kitambaa.

"Mwanangu Wakil anashinda msituni. Akirudi atataka kula. Utampa tamthilia?"

"La, Bi."

"Nakupa wiki moja. Alhamisi ijayo nitalifunua kawa hili. Masaa yakiwa haya haya, tutatafuta kwengine. Yakipungua, Ijumaa tunakwenda Kiwengwa kwa mama yako na posa. Umesikia?"

"Nimesikia, Bi."

Wageni walipoondoka, Bi Dilshad akanifuata jikoni. Miaka mitatu nimekaa kwake, sijamwona jikoni zaidi ya mara mbili. Akasimama katikati, akawa hajui pa kuweka mikono.

"Mashavu, mwanangu."

Mwanangu! Hata jina kamili nilikuwa silipati. Nilikuwa "we msichana" mpaka siku aliyoniapisha.

"Umenisitiri leo. Mungu akulipe. Na mimi nitakusitiri. Harusi yako vitambaa vyote vitatoka dukani kwetu. Mapazia, mashuka, nguo yako ya nikaha. Hariri."

"Ahsante, Bi."

"Wewe ni msichana mwema."

"Bi, na wiki hii?"

"Wiki hii imefanya nini?"

"Wiki hii simu hutaitumia? Bi Hija amesema..."

"Kidogo tu!" akasema. "Zimebaki sehemu nne, Mashavu. Nne! Yule bibi karibu atagundua mtoto ni wa nani. Nitatazama kidogo kidogo."

Kidogo chake nakijua. Kidogo cha sukari kwenye chai yake ni vijiko vitano.

Usiniulize ujasiri niliutoa wapi. Haukuwa ujasiri. Ujasiri ni kumwambia mtu usoni. Mimi niliingia stoo, nikakaa juu ya gunia la mchele, nikaifunga simu yangu kama nilivyoifunga yake. Namba ile ile ya siri. Kiasi cha kutumia, dakika ishirini kwa siku.

Dakika hizo nikazitumia kila alfajiri baada ya sala, Bi Dilshad akiwa bado anakoroma. Akiamka yeye, simu imeshajifunga mpaka kesho.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, ukelele ukashuka ngazi zote tatu.

"Mashavuuu!"

"Naam, Bi!"

"Simu yako imeharibika! Inasema muda umekwisha. Muda gani umekwisha? Mimi hata sijaanza!"

"Imefungwa, Bi."

"Nani kaifunga?"

Nikaitazama sakafu. Nilikuwa nimeipiga deki vizuri.

"Nipe namba," akasema.

"Nimeapa, Bi."

"Uliapia simu yangu! Hii si yangu, hii ni yako!"

"Kama ni yangu, Bi..."

"Ee?"

"Si kitu, Bi."

Lakini alikuwa amelisikia. Akalisikia lote, na lile ambalo sikulisema pia. Akaketi kitandani, na kwa mara ya kwanza akawa hana la kunituma.

Baadaye akabadilisha mbinu. Akasema kiapo changu kilikuwa cha siku thelathini. Akasema kiapo cha jikoni si kiapo. Akasema atamlisha maskini kwa niaba yangu. Akasema atawalisha kumi.

"Basi muulize Bi Hija kama inafaa," nikasema.

Hakumuuliza.

Akaanza kukisia. Akajaribu moja, mbili, tatu, nne. Akajaribu sifuri nne. Akajaribu mwaka aliozaliwa yeye, kisha wa Bwana Shabbir, kisha siku ya harusi yao. Kila akikosea mara tano simu inamwadhibu saa nzima, naye anakaa ameishika, anaingojea, kama mtu aliyepanga foleni ya maji.

"Umezaliwa lini wewe?" akaniuliza.

"Sijui tarehe, Bi. Mama anasema ilikuwa wakati wa karafuu."

"Baba yako?"

"Alishafariki, Bi."

"Alifariki lini?"

"Mwaka juzi. Niliomba ruhusa ya kwenda kuzika, ukanipa siku mbili."

Hakukumbuka. Miaka mitatu namfulia, namkandia mguu unaomuuma, naijua nguo yake ya ndani iliyochanika na anayoificha, na yeye hakuwa na kitu changu hata kimoja cha kujaribia.

Namba siitaji, nimeapa. Nitasema tu kwamba ni siku na mwezi nilioacha shule. Nilikuwa darasa la tano, mwani tunaoulima baharini kwetu ulikuwa unataka mikono, na mimi nilikuwa na miwili. Angeniuliza hata mara moja niliacha shule lini, angeingia simu zote mbili.

Wiki ile Bi Dilshad aliteseka. Jumapili aligundua kwamba nyumba yake ina ngazi ya nyuma. Jumatatu alimuuliza Bwana Shabbir habari za dukani, Bwana Shabbir akaogopa, akadhani amesikia jambo. Jumanne alikuja kunitazama nikikanda unga, akasema, "Kumbe unatiwa na chumvi?"

Jumatano alikaa dirishani amekunja uso, anakula achari moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Magharibi akaniita.

"Kwa mara ya mwisho. Leo ni sehemu ya mwisho. Nipe namba."

"Siwezi, Bi."

"Vizuri," akasema. "Wewe umenifungia. Kesho nami nitakufungia."

Usiku ule sikuogopa. Nilidhani anasema habari za mlango.

Alhamisi. Mimi nikakaanga katlesi. Bi Dilshad akaagiza nizipange na achari, na mwenyewe akakaa karibu na sinia la simu tangu kabla ya wageni kufika.

Darsa ikasomwa. Sikuisikia hata aya moja, Mungu anisamehe. Nilikuwa nalitazama lile kawa.

Bi Hija akalifunua.

Hakuanza na Bi Mize. Alianza na mimi.

"Mashavu," akasoma. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Dakika ishirini. Kwa siku."

"Allahu akbar!" Bi Mize akasema, na kigelegele kikamtoka kabla ya kumaliza. Wengine wakamuunga mkono. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani ya katlesi.

"Msimpigie vigelegele."

Alikuwa Bi Dilshad.

"Mtu wa masaa kumi na moja hageuki walii kwa wiki moja," akasema, taratibu, kama mtu anayeumia kusema. "Mimi ninakaa naye. Mimi ninayaona. Muulizeni simu ya pili iko wapi. Na muulizeni aliyempa ni mwanamume gani."

Kigelegele kikakatika. Bi Hija akanitazama, na uso wake ukawa uso wa siku aliyomkataa yule msichana wa kwanza.

"Unayo simu ya pili?"

"Sina, Bi."

"Basi yale masaa kumi na moja yamekwenda wapi?"

Nikinyamaza, mimi ni mwongo mwenye simu ya siri na mwanamume wa siri. Nikisema, namvunjia heshima anayenilisha, mbele ya wageni wake, juu ya busati lake.

Bi Dilshad akanitikisia kichwa. Kidogo tu. Kidogo chake.

"Aape," Bi Mize akasema.

"Watu hawa huapa ovyo," Bi Dilshad akadakia.

"Huyu? Si ndiye uliyemsifu mwenyewe hapa hapa? Ulisema ulimlilia na machozi, akakataa kuvunja kiapo. Sisi tukasema mtoto kalelewa. Basi aape."

Kikombe cha Bi Dilshad kikagonga kisahani.

"Wallahi," nikasema, "sina simu ya pili."

"Na masaa?" Bi Hija akauliza.

Sauti yangu nikaisikia inatoka, nikaishangaa kama ya mtu mwengine aliyesimama nyuma yangu.

"Masaa kumi na moja yalikuwa ya Bi Dilshad. Tamthilia ya Kituruki. Yake imefungwa, akawa anaitumia yangu."

"Mwongo!" Bi Dilshad akasimama. "Mwongo mkubwa! Mimi na simu yake wapi na wapi? Mimi niliyemtoa kwenye mwani! Sijaigusa simu ya mtumishi tangu nimezaliwa!"

Bi Mize akainyanyua simu yangu kutoka kwenye sinia, akaielekeza dirishani kwenye mwangaza. Akaikaribisha puani.

"Hii ni achari ya embe," akasema.

Wote wakakitazama kioo. Kilikuwa na alama za vidole juu ya tarakimu zote kumi, manjano, za kukisia mpaka alasiri hiyo hiyo. Kisha wakavitazama vidole vya Bi Dilshad, na Bi Dilshad akavitia chini ya mtandio, lakini kavitia kwa kuchelewa.

"Mashavu hali achari," Bi Mize akasema. "Nilimpa mwaka jana, akaniambia ana vidonda vya tumbo."

Kuna mtu alianza kucheka. Halafu wakacheka wote, wale wale waliosema mashaallah. Bi Dilshad akasema kichwa kinamuuma, akapanda juu kwa ngazi ya nyuma, aliyoijua tangu Jumapili.

Bi Hija hakucheka. Alinishika mkono.

"Mwanangu, nimekudhulumu. Nisamehe." Macho yake yalikuwa na maji. "Ijumaa tunakwenda Kiwengwa. Mwambie mama yako asihangaike na kupika, tutakuja na vyetu."

Posa ilikuwa imekuja. Nilikuwa nayo mkononi, ina joto la mkono wa Bi Hija.

Akaichukua simu yangu anirudishie. Na kwa kuwa ni mtu wa kuhesabu, akakitazama kioo mara moja tena.

"Wiki iliyopita masaa kumi na moja na dakika ishirini," akasema, kama anayesema peke yake. "Wiki hii dakika ishirini. Hizi ishirini hazikuongezeka, hazikupungua. Hizi nazo ni za Dilshad?"

Sekunde chache. Ningetikisa kichwa tu, ingekwisha. Bi Dilshad alikuwa juu, mwenye hatia ya kumi na moja. Ishirini zaidi zisingemzidishia kitu. Hata Bi Mize alinikonyeza niseme ndiyo.

Lakini wallahi yangu ilikuwa bado mdomoni.

"Hizo zangu, Bi Hija."

"Za nini?"

Nikaiweka chini sahani ya katlesi.

"Za Wakil. Alinitumia sauti yake, sekunde ishirini. Anasema kuna kima punju mmoja kule Jozani, kila mgeni akitoa kamera anajificha nyuma ya mama yake, na yeye amempa jina langu. Nnaisikiliza kila alfajiri, Bi Hija. Nnaisikiliza mara sitini. Sijamjibu hata mara moja, kwa sababu sijui mtu anaanzaje."